Joka nililoliandaa wiki mbili lilikufa kwa sekunde 18

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, na kama unaijua Mbeya ya mwezi wa saba unajua watu wanakaa ndani na makoti. Tulikuwa sita sebuleni kwangu mtaa wa Soweto, tunacheza gemu ya kuigiza ya mezani na mimi ndo nasimulia, chupa mbili za chai ya tangawizi, sahani ya viazi vya kuchemsha na pilipili, na mi nimekaa nyuma ya kaunta buku nililolisimamisha kama ukuta, natabasamu kama mtoto aliyeficha maandazi, maana siku yenyewe ndo hiyo, wanaingia pangoni kukutana na joka jekundu. Joka lenye uhai 256. Nililiandaa wiki mbili nzima, nikaliandikia mpaka hotuba.

Hotuba sikuimaliza. Raundi ya tatu joka liko chini, na kwa sheria za hii gemu raundi moja ni sekunde 6, kwa hiyo wiki zangu mbili ziliisha kwa sekunde 18. Chai kwenye kikombe changu ilikuwa bado inatoa mvuke. Dogo mmoja anayesoma chuo hapa mjini akaniuliza kwa heshima zote, "Kaka, sasa bosi mwenyewe ndo anakuja?"

Nikasema ndio, anakuja. Nikaenda jikoni kujifanya naongeza chai.

Naandika hii maana najua sio mimi peke yangu. Kila ukikaa na watu wanaosimulia hizi gemu, wa huku kwetu na hata jamaa wa Iringa, kilio ni hicho hicho, wachezaji wakishapanda levo wanakuwa kama miungu, hakuna kinachowatisha, msimulizi anabaki anahangaika. Na ushauri tunaopeana ndo umejaa vurugu. Mmoja atakwambia ongezea maadui uhai, mwingine anasema wanyang'anye silaha, mwingine anasema wakifika levo ya 10 funga gemu muanze upya. Ngoja tulifumue hili fundo polepole kuanzia chini, ili hata ambaye hajawahi kushika dadu ya pande 20 tuende naye.

Kwanza tuelewane maneno

Gemu ya kuigiza ya mezani haina skrini wala pedi. Watu wanakaa kuzunguka meza, mmoja anausimulia ulimwengu, wengine kila mtu anabeba mtu mmoja wa kwenye hadithi. Inayojulikana zaidi ni Dungeons & Dragons, iliyotoka Marekani mwaka 1974, waliyoitunga Gary Gygax na Dave Arneson. Vitabu vyake vina bei, lakini tangu 2023 sheria za msingi za toleo la tano (lile la 2014) zimewekwa chini ya leseni ya wazi ya Creative Commons, yaani unazishusha bure na kuzitumia bila kumuibia mtu, na sisi ndo hizo tulizoprinti kurasa chache chache stationery.

Anayesimulia wenyewe wanamwita Dungeon Master, sisi tunamwita msimulizi tu. Mtu unayembeba kwenye hadithi ni karakta. Karakta anaanza levo ya 1 na anaweza kufika 20. Ana uhai, ambao ni pointi, ukipigwa zinapungua, zikifika sifuri umeanguka. Ana kinga, ambayo ni namba anayotakiwa kuifikia anayekushambulia ili akupate. Na kuna zamu, hili neno lishike vizuri maana nitalirudia mpaka ulichoke: kwenye vita kila mmoja anapata zamu yake ndani ya raundi, anafanya jambo lake, anampisha mwingine.

Kama umecheza ludo unajua dadu ikikataa imekataa. Hapa dadu inajumlishwa na ujuzi wako. We unasema nataka kuruka ule ukuta, msimulizi anasema sawa fikisha 15, unarusha dadu ya pande 20, inatoka 11, unajumlisha 5 zako za wepesi, umeruka. Karakta anavyopanda levo hicho kinachojumlishwa kinakua, na anapata vitu vipya vya kufanya.

(Shangazi yangu alipita siku moja akatusikia tunasema "mchawi aende mbele, mganga akae nyuma" akasimama mlangoni karibu dakika nzima. Nilimweleza ni hadithi kama zile za sungura na fisi, tofauti ni kwamba hapa wewe ndo sungura. Alielewa. Ila viazi alikataa.)

Sasa tukisema karakta ana nguvu tunamaanisha nini? Watu wengi wanafikiri ni kupiga kwa nguvu. Hapana, au tuseme hiyo ni sehemu ndogo. Levo ya 1 mpaka 4 wewe ni shujaa wa kijiji, panya wakubwa wakikuzingira unaweza kufa kweli. Levo ya 5 kuna mruko mkubwa: mpiganaji anaanza kupiga mara mbili kwenye zamu moja, na mchawi anapata ule mpira wa moto maarufu, unarusha dadu nane za pande sita, wastani 28, unachoma kila kilichopo ndani ya futi 20 kila upande. Kibwengo wa kawaida, yule adui mdogo wa levo za mwanzo, ana uhai 7. Piga hesabu mwenyewe. Levo hiyo hiyo mchawi anaweza kumfanya mtu apae angani, na mganga anaweza kumrudisha aliyekufa ndani ya dakika moja, ilimradi ana almasi za thamani ya vipande 300 vya dhahabu. Levo ya 13 mchawi anakuhamisha toka mji huu kwenda mji mwingine kufumba na kufumbua.

Kwa hiyo nguvu ni majibu. Kila levo karakta anapewa jibu la swali ambalo jana lilikuwa linamsumbua. Korongo? Naruka. Mlango umefungwa? Napita. Mwenzangu kafa? Namwamsha. Msimulizi anayeendelea kuuliza maswali ya levo ya 3 kwa watu wa levo ya 11 atalia kila Jumamosi, na huyo msimulizi nilikuwa mimi.

Kwa nini joka langu lilikufa

Jibu la haraka ni zamu. Fikiria jamaa mmoja ana misuli hatari, kagombana na makonda watano pale stendi ya Kabwe. Yeye akirusha ngumi moja wao washarusha tano, mmoja kamshika shati, mmoja kambeba mguu, mmoja anapiga tu kelele za kumchanganya. Misuli anayo lakini mikono ni miwili. Bosi peke yake dhidi ya wachezaji watano ni yule jamaa.

Na pale kwangu haikuwa tano kwa moja, ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mpiganaji wa levo ya 11 anapiga mara tatu kwenye zamu moja, na mara moja kabla hajapumzika anaruhusiwa kujikaza akafanya mara mbili, yaani mapigo sita. Waandishi wa sheria wenyewe waliliona hili tatizo, ndo maana majoka makubwa wamepewa vitendo vitatu vya ziada wanavyovitumia kati ya zamu za wengine, na mara tatu kwa siku joka likizidiwa na uchawi linaweza kusema hapana, huu haujanipata. Mi nilivisahau vyote viwili. Vilikuwa kwenye karatasi, upande wa pili. Sikugeuza karatasi.

Kosa la pili, joka lina mbawa, linaruka futi 80 kwa zamu moja, na mi nimeliweka ndani ya ukumbi wenye paa fupi, limesimama chini kama ng'ombe wa mnadani anasubiri kupigiwa bei. La tatu, moto wake ni wastani wa 63, unatisha, lakini kijiji kizima kilishawaambia wachezaji tangu sesheni mbili nyuma kwamba juu kuna joka la moto, kwa hiyo walikuja wamejikinga na moto, kila pigo la moto linakatwa nusu. Hawakuwa na nguvu kupita kiasi. Walikuwa wamejiandaa na mi sikujiandaa, ukitoa hotuba.

Wengine hapa wanalaumu ile namba ya ugumu inayoandikwa kwenye kila adui. Joka langu lilikuwa na 17, wachezaji wangu levo ya 11, kwa karatasi walitakiwa wachakae. Ile namba ni makadirio, inamchukulia adui anayetumia kila alichonacho, haijui kama umelifungia joka ndani ya godauni.

Hii ndo inatupeleka kwenye ushauri maarufu kuliko wote, ongeza uhai. Nilishaujaribu. Kabla ya joka kulikuwa na jitu fulani, nikaona linakufa mapema, nikaliongezea uhai 100 kimya kimya katikati ya vita. Binamu yangu, fundi simu wa Mwanjelwa, anacheza paladini, yaani shujaa mtakatifu wa upanga na ngao, ana tabia ya kuandika madhara yote nyuma ya daftari lake. Tukafika mahali akaweka kalamu chini akasema, "Oya, hili jitu nimeshalitoa damu kuliko iliyomo." Wote wakanitazama. Sikuwa na la kusema.

Lakini aibu tuiache, hata kihesabu haisaidii sana. Uhai ukiwa mara mbili vita vinakuwa virefu mara mbili, ila kila raundi adui anapiga vile vile alivyokuwa anapiga. Mnakaa saa mbili mnarusha dadu kumkata mtu asiyewatisha. Bosi wa uhai mwingi ni timu iliyokuja uwanja wa Sokoine kupaki basi: ndio, hafungwi mapema, lakini na yeye golini kwako haji.

Ukitaka vita viwe na joto, ongeza mikono. Chukua yule yule paladini, vazi la chuma na ngao, kinga 20. Kibwengo anajumlisha 4 kwenye dadu, kwa hiyo anahitaji itoke 16 au zaidi ndo ampate, hiyo ni robo ya marusho yote. Kibwengo mmoja ni kichekesho. Weka ishirini, wengine panga, wengine upinde kwenye miamba, kwa wastani watano wanampata kila raundi, kila mmoja anatoa kama 5 na nusu, unazungumzia uhai 27 umeondoka kwa vitu ambavyo paladini alikuwa anavipiga teke levo ya 2. Binamu alikuwa wa kwanza kuacha kutafuna kiazi. Angalizo tu, usiwapange vibwengo wamesongamana kama abiria wa Coaster ya jioni, mchawi atawamaliza kwa mpira mmoja wa moto na utarudi jikoni kuongeza chai.

Na ukiwapanga hovyo siku moja moja makusudi, ni sawa pia. Hapa napishana na wale wa "wanyang'anye". Mtu kacheza miezi nane ili apate ule moto, alafu ghafla kila adui anayekutana naye haungui? Ni kama mtu anunue bajaji mpya umwambie barabara zote zimefungwa leo. Atajua ni wewe umefunga. Acha aunguze, afurahi, alafu mpe pia mahali ambapo kuunguza ni hasara, kwenye ghala la mahindi ya kijiji kwa mfano.

Mafuta na breki

Anayeifahamu miteremko ya Mlima Nyoka au kule Iwambi hapa Mbeya anajua lori halianguki pale kwa kukosa nguvu. Injini inayo, mzigo tani kibao, limepanda milima yote toka Dar, likifika mteremkoni breki zimechoka. Karakta wenye nguvu nao wako hivyo hivyo. Mchawi wa levo ya 11 ana nafasi 16 za uchawi, akizimaliza hazirudi zote mpaka alale kwa muda wa saa nane. Mganga hivyo hivyo, na ile ya mpiganaji kujikaza mara mbili nayo inahitaji walau saa moja ya kupumzika.

Sasa hesabu ya vitabu vya 2014 ilikuwa inatarajia mapambano sita mpaka nane ya ugumu wa kati au magumu kwa siku moja ya ndani ya gemu. Nani anacheza mapambano nane? Sisi tunakutana saa nane mchana, mmoja anafika saa tisa na nusu na kisingizio cha daladala, saa moja usiku watu wanataka kurudi, tunapigana mara moja. Kwa hiyo wachezaji wanaingia kwenye hilo pambano moja na tenki limejaa, wanamwaga kila kitu raundi mbili za mwanzo, alafu tunashangaa joka linakufa.

Suluhisho sio kupigana mara nane. Siku ya kwenye gemu inaweza kuchukua Jumamosi tatu za kwetu, unaandika kwenye daftari nani kabakiza nini, mnaendelea mlipoishia. Na unawapa sababu ya kutolala. Msafara wa watumwa unavuka mto alfajiri, mkilala mtaukuta ng'ambo. Hapo mchawi anaanza kuuliza swali ambalo hajawahi kuuliza, hivi huyu kweli anastahili moto au nimpige tu na fimbo? Ukisikia hilo swali ujue umefika. Ila usifanye hivyo kila wiki, watu wakinyimwa usingizi mfululizo wanaacha kuogopa, wanaanza kukuchukia wewe.

Lugalo

Kwa watu wa nyanda zetu mfano wa namna mahali panavyokula nguvu tunao, hatuhitaji kuuazima. Tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo, karibu na Iringa ya leo, kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski kilikuwa kinapita kwenye mstari mrefu. Kina bunduki za kisasa, bombomu, mizinga. Wahehe kwa sehemu kubwa walikuwa na mikuki na ngao, wamejilaza vichakani na kwenye mawe, wamesubiri mpaka mstari umeingia wote. Walipoinuka, mizinga haikupata muda wa kupangwa. Zelewski aliuawa pale pale, na sehemu kubwa ya kikosi chake. Sisemi hii ilikuwa gemu, watu walikufa, nasema tu kwamba silaha za Zelewski zilikuwa ni majibu mazuri ya swali ambalo siku ile halikuulizwa.

Alafu angalia upande wa pili, ambao wasimulizi wengi tunausahau. Wajerumani walijifunza. Oktoba 1894 walirudi na mizinga iliyopangwa vizuri, ngome ya Kalenga ikaanguka pamoja na kuta zake. Na Mkwawa, mtawala wa Wahehe, naye akabadilika, akaingia msituni akawasumbua mpaka 1898. Kila upande ulikuwa unamsoma mwenzake. Maadui kwenye gemu zetu huwa hawasomi chochote, wachezaji wanaua joka la pili kwa mbinu ile ile ya la kwanza, kwani habari hazisafiri? Huko vijijini kwao hakuna sokoni?

Baada ya joka nilifanya hivyo. Katika vile vibwengo ishirini, niliwaambia wachezaji wazi kwamba mmoja alitoroka walipopigana navyo levo ya 9 akapeleka habari kwa wenzake, na walipokutana na vibwengo tena vilikuwa vimechimba vijia vya upana wa mtoto, paladini na vazi lake anakwama kiunoni, moshi unaingizwa upande mmoja, mishale inatoka tundu za ukutani, na mchawi haoni pa kurusha moto bila kumchoma mwenzake aliyekwama. Sikuvunja sheria hata moja na sikuongeza uhai hata pointi moja. Hii mbinu sio yangu, toka 1987 jarida la Dragon lilishaeleza habari za msimulizi mmoja ambaye viumbe wake wadogo kabisa walikuwa wanawakimbiza mashujaa wa levo za juu mapangoni, wakawa wanaogopwa kuliko mashetani wa ghorofa za chini. Jina lao, Tucker's Kobolds, mpaka leo wachezaji wa zamani wanalitaja kwa uchungu.

Kuna wanaofikiri changamoto maana yake ni kuua karakta, sasa mtu kafa, mganga kamwamsha, mmepoteza almasi. Ndo nini? Kuanzia levo ya 9 hata aliyekufa siku kadhaa anarudi. Kifo kwao kimeshakuwa gharama kama nauli. Wanachoogopa kupoteza ni vitu visivyokuwa kwenye karatasi yao, na hivyo huwezi kuvitengeneza usiku mmoja, lazima uwe umevipanda mapema, na vingine vinaota vyenyewe hata hukukusudia.

Kwangu kilichoota ni bibi muuza uji. Nilimtunga kwa sekunde tatu, levo ya 2, wachezaji wameishiwa hela, nikasema kuna bibi anauza uji njiani, akawakopesha. Basi. Wakawa kila wakipita wanamlipa mara tano, wakamjengea kibanda, dogo wa chuo akamletea meno ya lile joka ayatundike mlangoni. Sikumpanga, sikumpa hata jina, wao wanamwita Bibi tu.

Kwa hiyo walipofika levo ya 13 niliacha kutafuta adui mkubwa zaidi. Nikauchukua mlima, ule wa Rungwe kichwani mwangu, volkano iliyolala, nikauweka juu ya kijiji cha Bibi nikauamsha. Watu 200. Mlima unapasuka baada ya siku mbili. Njia ya kushuka na wazee na watoto ni siku tatu. Juu kwenye shimo kuna jitu la moto linalouchochea mlima, wakilipiga mapema pengine watapata siku moja ya ziada, pengine. Na mchawi ana ule uchawi wa kuhamisha, ambao levo hiyo anaupata mara moja tu kwa siku, na unambeba yeye na wengine wanane. Wanane, ndo kitabu kinavyosema, sikupunguza. Akiutumia kubeba watu hayupo kwenye vita vya juu. Akienda kupigana, hao wanane wanabaki.

Jitu wangeliua, nalijua, hata wao wanajua. Binamu alianza kuhesabu mapigo akaacha mwenyewe katikati. Dada anayecheza mchawi, yeye ni mwalimu wa msingi, akauliza kama anaweza kwenda na kurudi, nikamwambia nafasi ya uchawi mkubwa ni moja mpaka alale kwa muda wa saa nane, akafungua zile karatasi zetu akasoma mwenyewe, akazifunga. Wakaanza kubishana. Wagonjwa kwanza au watoto? Anayeweza kutembea si atembee? Je tukimbeba mjumbe wa kijiji, wengine watatuliza nani? Mi nilikuwa sina kazi. Ilipita saa nzima na dakika arobaini bila mtu kugusa dadu, ile ya pande 20 ilikuwa pale pembeni ya sahani ya chumvi, chai imeshapata ngozi juu.

Mwishowe binamu akageuza lile daftari lake la kuhesabia madhara, akaandika moja mpaka nane kwa kushuka, akaandika kwenye moja: Bibi.

"Bibi haondoki bila wajukuu," dada akasema. "Wako watatu. Alituambia kwenye uji."

Binamu akaandika mbili, tatu, nne. "Zimebaki nne."

Kimya. Nje bajaji ikapita.

"Yule mtoto aliyetuibia punda levo ya kwanza," dogo wa chuo akasema, "bado anaishi pale?"

Nikasema anaishi pale.

"Mwandike."